Sura ya Tano: Mtihani Unaomrudisha Mtoto Kitabuni

Mtu mmoja aliingia msikitini Madina, akaswali, kisha akaja kumsalimia Mtume (S.A.W.). Mtume akaitikia salamu yake, akamwambia arejee akaswali, kwa kuwa hakuwa ameswali. Akarejea, akaswali vilevile kama mwanzo, akaja tena. Akarudishwa. Ilipofika mara ya tatu akaapa kwamba hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume akamfundisha hatua kwa hatua: atoe takbira, asome kilicho chepesi kwake katika Qur'ani, arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie, na afanye hivyo katika swala yake yote.

Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Masheikh wetu huitumia zaidi wanapofundisha nguzo za swala, hasa utulivu. Lakini mwalimu akiisoma kwa jicho la kazi yake ataona humo somo zima la namna ya kumpima mwanafunzi. Yule mtu alipimwa kwa kitendo chenyewe, anaswali huku mwalimu anamtazama. Matokeo aliyapata papo hapo, kinywani mwa aliyempima. Alipewa nafasi ya kurudia pale pale. Mafunzo yalikuja baada ya yeye mwenyewe kufika mwisho wa ujuzi wake na kuuliza. Kosa lake tunalijua hadi leo, ila katika riwaya hiyo jina lake halimo: somo limehifadhiwa na mtu amesitiriwa.

Hoja ya sura hii imesimama hapo. Kazi ya kwanza ya mtihani katika elimu ya dini ni kumrudisha mwanafunzi kwenye alichokosea, wakati mwalimu bado yupo na muda bado upo. Mtihani wa namna hiyo humtia mtoto hamu. Ule unaokuja mwisho, ukatoa namba na kuondoka, humfundisha kuogopa au kujionyesha, na hakuna elimu inayodumu juu ya woga wala juu ya kujionyesha.

Swali kwa waliokaa barazani

Wapo wanaodhani kutahini wanafunzi ni jambo lililoletwa na shule za serikali. Bukhari anawajibu katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, ambamo ameweka mlango maalumu kuhusu imamu kuwauliza wenzake swali ili apime walichonacho cha elimu. Chini ya mlango huo ameweka hadithi ya Abdallah bin Umar. Mtume aliwauliza masahaba kuhusu mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu. Watu wakaenda na mawazo kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar moyoni akajua ni mtende, lakini alikuwa mdogo wao, akaona haya, akanyamaza. Masahaba wakaomba waambiwe, wakaambiwa ni mtende. Baadaye kijana alipomsimulia baba yake, Umar akamwambia kwamba lau angelisema, lingekuwa jambo la kupendeza mno kwake.

Kwa mwalimu, hadithi hii ina mambo mawili makubwa. La kwanza, swali lilitaka watu wafikiri, walinganishe sifa za mti na sifa za mtu. Halikutaka walitoe jibu walilokwisha kulikariri. La pili, aliyekuwa na jibu hakuonekana kuwa nalo. Katika kila darasa la madrasa yupo Ibn Umar wake, mtoto anayejua na kunyamaza kwa haya, na mwalimu anayepima kwa kusikiliza sauti za juu peke yake atamwandika kuwa hajui. Umar naye anawafundisha wazazi: hakumkemea mwanawe kwa kunyamaza, alimwonyesha tu kwamba jibu lake lingempa furaha.

Nguvu ya kusikilizwa

Utaratibu wa chuo cha Qur'ani katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, Bagamoyo na Kilwa, ulijengwa juu ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Mtoto alianza na alifu, be, te, akaja kwenye irabu, akaunganisha herufi, kisha akaingia Juzuu ya Amma akianzia sura fupi za mwisho. Watoto wa umri tofauti walikaa jamvi moja, na kila mmoja alikuwa na mahali pake. Mwalimu alimsikiliza, akamsahihisha, akampa aya za kesho, au akamrudisha kwenye zile zile za jana. Waliotangulia waliwasomesha wadogo, na kwa kuwasomesha wakazidi kujua.

Angalia uadilifu uliomo humo. Mtoto mwepesi hakumngoja mzito, na mzito hakuburutwa apite asipopafahamu kwa sababu muhula umekwisha. Utaratibu huu una asili ya kale. Abu Abdirrahman as-Sulami, mwanafunzi wa masahaba mjini Kufa, alisimulia kwamba waliomsomesha walikuwa wakichukua aya kumi kwa Mtume, na hawakuzivuka kwenda nyingine mpaka wajue yaliyomo na kuyatenda. Kipimo chao cha kusonga mbele kilikuwa kujua na kutenda, na kalenda haikuwa na neno.

Baada ya Qur'ani, aliyetaka kuendelea aliingia darsani. Alisoma fiqhi kwa kitabu kidogo kama Safinatun Najaa, nahau kwa Ajrumiyya, na miaka ikienda akafika kwenye Minhaj ya Imamu Nawawi. Alisoma kitabu chote mbele ya sheikh wake, na mwishoni aliyestahiki alipewa ijaza, idhini ya kukisomesha kitabu kile. Ijaza ilitoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Sheikh aliweka jina lake na heshima yake juu ya mwanafunzi, kwa hiyo hakuitoa ovyo. Ukisoma kazi ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki utaona jinsi mwanachuoni anavyojulikana kwa masheikh waliomsomesha na wanafunzi aliowaacha.

Hata hivyo, tusiusifu utaratibu huo tukafumbia macho upungufu wake. Vyuo vingi vilisikiliza matamshi na havikuuliza maana. Mtoto aliweza kuhitimu msahafu wote, akafanyiwa khitma, akavishwa kanzu mpya, na asiweze kueleza anachokiomba katika Alhamdu anayoisoma kila siku. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilishughulikia jambo la elimu ya Waislamu wa pwani kwa kalamu. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliandika ili watu wa pwani wafikiri juu ya dini yao na hali yao. Kusikiliza matamshi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza mtoto amefahamu nini.

Hamu hutoka wapi

Mwaka 1091 Imamu Ghazali alipewa kiti cha kufundisha katika Nidhamiyya ya Baghdad, chuo kilichokuwa na sifa kuliko vyote wakati huo. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa akiwafundisha wanafunzi wapatao 300. Miaka minne baadaye aliipima nia yake na kuona kwamba kinachomsukuma ni cheo na sifa. Akasita kwa miezi, ulimi wake ukafungika hata akashindwa kusomesha, na mwaka 1095 akaondoka Baghdad akaacha yote.

Msomaji anaweza kudhani mtu kama huyo atamtaka mtoto wa miaka saba awe na ikhlasi kamili tangu siku ya kwanza. Sivyo. Katika kitabu chake Ihya anaeleza kwamba mtoto huvutwa kwenye masomo kwa mchezo wa mpira na gongo, kisha kwa nguo nzuri, kisha kwa kupenda uongozi na heshima, na mwishowe kwa kuitaka Akhera. Kila hamu humwinua kwenda kwenye iliyo bora zaidi. Anataka mtoto akifanya jema apewe zawadi na asifiwe mbele za watu. Akikosea mara ya kwanza asifichuliwe, na akirudia aonywe faraghani. Na baada ya chuo aachwe acheze, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo kila saa kunaua moyo wake na kuzima akili yake.

Huu ni ujuzi wa kina wa nafsi ya mwanafunzi. Peremende, daftari jipya, kusifiwa siku ya maulidi, vyote ni halali kwa mdogo maadamu mwalimu anajua anampeleka wapi. Hatari iko kwa mwanafunzi wa miaka kumi na minane ambaye bado anasoma kwa ajili ya peremende, ila sasa inaitwa cheti au picha mtandaoni. Yeye inafaa akumbushwe hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba miongoni mwa watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama yumo aliyesoma ili aitwe mwanachuoni.

Pwani yetu ina ushahidi wake kuhusu mchezo na elimu. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliongoza kazi ya kuanzisha shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Watoto walijifunza dini pamoja na hesabu na lugha kwa kucheza, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Wazazi waliohofia kwamba mchezo utapunguza dini waliona watoto wao wakiipenda madrasa.

Tena kuna hamu inayotokana na kukubaliwa. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefanya Lamu makazi yake, alisomesha watu waliokuwa wametengwa na elimu katika mji ule, wakiwamo waliotoka utumwani na wageni wasio na ukoo wa kujivunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ulisimama, na hadi leo wanafunzi huufuata kutoka mbali. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba elimu si yake, akipokewa na kusikilizwa kama wengine, hapungukiwi na bidii. Kila mwalimu ajiulize ni mtoto gani darasani kwake anayeamini kwamba hapo si pake.

Bakora na inachokivunja

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika kitabu chake Muqaddima kwamba ukali unamdhuru mwanafunzi, hasa mtoto mdogo. Anayelelewa kwa nguvu na ukandamizaji hupoteza uchangamfu, huwa mvivu, na husukumwa kwenye uongo na unafiki, yaani kuonyesha lisilo moyoni mwake kwa kuogopa mkono. Tabia hiyo humkaa. Aliyasema haya mwaka 1377.

Mwalimu aliyewahi kushika bakora huku mtoto anasoma anajua jinsi maneno hayo yalivyo ya kweli. Mtoto anayeogopa huificha aya asiyoijua. Atainong'ona, ataipitisha haraka, atameza herufi. Hapo kipimo kimeharibika, kwa kuwa kazi ya kipimo ni kulifichua kosa, na woga umemfundisha mtoto kulificha. Bakora inamuumiza mtoto na pia inampofusha mwalimu.

Ibn Khaldun huyohuyo alilinganisha miji. Aliona kwamba wanafunzi wa Morocco walipangiwa miaka 16 ya kukaa madrasani, na wa Tunis miaka 5, na bado wa Morocco wengi hawakupata umahiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba walikaa kimya darasani, wakashughulika na kuhifadhi kuliko inavyohitajika, hawakujadiliana. Dawa aliyoitaja ni kuufungua ulimi kwa mazungumzo na mijadala ya kielimu. Ni onyo kwetu tunaopima ubora wa madrasa kwa idadi ya miaka na kurasa.

Karatasi ya taifa

Leo mtoto wa Kiislamu Tanzania anaweza kufanya mtihani wa taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mwenzake wa Kenya vilevile. Karatasi hii ina heri yake. Inamtendea sawa mtoto wa kijijini na wa mjini, haimjui mtoto wa sheikh, na imeifanya elimu ya dini ikae kwenye cheti kimoja na hesabu na jiografia. Tusiidharau.

Lakini karatasi inapima kinachoandikika. Mwanafunzi anaweza kutaja nguzo zote za swala kwa mpangilio, akapata alama zote, na akarukuu bila kutulia, kama yule mtu wa Madina. Hakuna msahihishaji atakayemwona. Kwa hiyo shule inayoachia karatasi ya taifa kazi yote ya kupima imeacha nusu ya somo bila kupimwa.

Hata ndani ya karatasi yenyewe, maswali hayalingani. Swali linalomtaka mwanafunzi ataje warithi wanaopata thumni linapima kumbukumbu. Sasa mpe hili: mtu amefariki, ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi milioni 24. Mke anapata thumni, milioni 3. Mama anapata sudusi, milioni 4. Zinabaki milioni 17 kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, yaani mafungu matano ya milioni 3.4. Kila mtoto wa kiume anapata milioni 6.8 na wa kike milioni 3.4. Ongeza umuulize: baba mdogo wa watoto ameshika hati ya nyumba na kusema binti hana haki, utamjibu nini na kwa dalili ipi? Swali hili linapima kumbukumbu, hesabu, ufahamu na ujasiri wa kusema haki. Mtoto akilikosea, mwalimu anaona mahali hasa alipoteleza, anajua pa kumrudisha. Na akilipata, amepata kitu kitakachomfaa nyumbani kwao, kwa sababu kesi za mirathi zimevunja familia nyingi katika nchi zetu.

Jukwaa na kipaza sauti

Mwezi wa Ramadhani miji yetu hujaa mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Yana baraka. Mtoto wa mama ntilie anapanda jukwaani, umati unanyamaza, wazazi wanalia kwa furaha, na watoto wanaotazama wanakwenda nyumbani kushika msahafu. Ghazali angelielewa jambo hili, kwa kuwa kupenda heshima ni ngazi mojawapo katika zile alizozitaja.

Swali ni ngazi inayofuata iko wapi, na walioachwa chini tunawafanyia nini. Madrasa ikichagua watoto watano wa kushinda na kuwaelekezea ustadhi wake mahiri kwa miezi, hamsini waliobaki wanajifunza kwamba Qur'ani ni ya wenye sauti nzuri. Bibi Aisha amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba aliye mahiri wa kuisoma Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kubabaika huku ni nzito kwake ana ujira mara mbili. Hakuna jopo la majaji linalotoa alama hivyo, na huenda haliwezi. Lakini mwalimu darasani anaweza. Anaweza kumsifu mbele ya wenzake mtoto aliyekuwa na makosa kumi Jumamosi na Alhamisi akabaki na manne.

La kufanya kuanzia wiki hii

Burhanuddin az-Zarnuji, aliyeandika Ta'lim al-Muta'allim yapata miaka 800 iliyopita, anashauri mwanafunzi arudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la kabla yake mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Kwa hesabu hiyo kila somo hurudiwa mara 15 ndani ya siku tano, na uzito hupungua kadiri linavyokaa moyoni. Anazidi kusema kwamba saa moja ya kujadiliana na mwenzako ina faida kuliko mwezi mzima wa kurudia peke yako. Madrasa yoyote inaweza kuanza na mambo haya mawili bila kununua chochote: ratiba ya kudurusu, na watoto wawili wawili wanaoulizana.

Kisha kila mtoto awe na daftari moja dogo ambamo ustadhi anaandika tarehe, alichosomewa, kosa lililojitokeza, na siku lilipokwisha. Mzazi aonyeshwe daftari hilo badala ya kuambiwa mwanao amekuwa wa ngapi. Mara moja kwa mwezi mtoto atawadhe na kuswali huku mwalimu anamtazama, na akikosea arudie siku hiyohiyo. Mkubwa apewe tukio la mtaani, la deni, la ushahidi, la zaka ya duka, atoe hukumu na dalili, na wenzake wampinge kwa adabu. Makosa yasahihishwe kwa sauti ya chini, na sifa zitolewe kwa sauti ya juu.

Yote haya yanahitaji muda, na hapa ndipo kamati za madrasa zinapotakiwa kusema ukweli. Ustadhi mmoja mwenye watoto 60 na saa mbili za jioni ana dakika mbili kwa kila mtoto, hata asipopumua. Katika dakika mbili hawezi kusikiliza, kusahihisha, kumrudisha mtoto na kumsikiliza tena. Atawasomesha kwa pamoja, wataitikia kwa sauti moja, na aliyepotea hatajulikana mpaka siku ya mtihani. Ukimlaumu kwa kushika bakora, jiulize pia umempa nini kingine cha kushika.

Kwa hiyo tunapochangishana, mwalimu wa pili atangulie kombe na jukwaa. Mishahara ya walimu ilipwe kwa wakati, watoto wagawanywe wawe ishirini kwa kila mmoja, na kila mtoto apate dakika zake za kusikilizwa kila siku. Mkaguzi akija, au mfadhili, au mzazi anayetafuta mahali pa kumpeleka mwanawe, asiulize kwanza ni wangapi wamehitimu. Achague mtoto yeyote darasani, amuulize ni kosa gani alilisahihisha wiki hii na nani alimsaidia. Madrasa ambayo watoto wake wanaweza kulijibu swali hilo bila woga inafanya kazi yake.